Just Fontaine: Magoli 13 na Mkataba wa Mchezaji

Kuanzia fainali za kwanza za Kombe la Dunia mwaka 1930 hadi zile za Qatar mwaka 2022, hakuna mwanasoka aliyefunga magoli mengi katika mashindano ya mwaka mmoja kumzidi Mfaransa Just Fontaine, ambaye mwaka 1958 nchini Sweden alizifumania nyavu mara 13 katika mechi 6. Katika fainali zilizofuata, aliyemkaribia zaidi ni Mjerumani Gerd Müller, aliyefunga 10 mwaka 1970, naye Kylian Mbappé alihitaji mechi 7 kufikisha magoli 8 huko Qatar. Idadi hiyo imetajwa mara nyingi kiasi cha kuufunika mwenendo mzima wa maisha yake ya soka, ambayo yalikuwa mafupi, yakakatizwa na mguu uliovunjika mara mbili, na yakazaa jambo ambalo wachezaji wa Ufaransa wanalifaidi hadi leo.

Fontaine alizaliwa Marrakech tarehe 18 Agosti 1933, wakati Moroko ilipokuwa nchi lindwa ya Ufaransa, yaani nchi iliyobaki na sultani wake lakini mamlaka halisi yakiwa mikononi mwa wakoloni. Baba yake alikuwa Mfaransa na mama yake Mhispania. Alianza kung'ara katika klabu ya USM Casablanca, kisha mwaka 1953 akavuka bahari kwenda Nice, ambako alitwaa Kombe la Ufaransa mwaka 1954 na ubingwa wa ligi mwaka 1956. Desemba 1953 alivaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Luxembourg, akafunga magoli matatu katika ushindi wa 8-0. Hata hivyo ilimchukua miaka kadhaa kupata nafasi ya kudumu, kwa sababu Ufaransa ya wakati huo haikuwa na uhaba wa washambuliaji.

Mwaka 1956 klabu ya Reims, iliyokuwa na nguvu kuliko zote nchini humo, ilimuuza nyota wake Raymond Kopa kwa Real Madrid, na Fontaine akasajiliwa kuziba pengo hilo. Hakuwa mchezaji wa aina ya Kopa. Kopa alikuwa fundi wa chenga, mwenye kushuka katikati ya uwanja, kuwavuta mabeki wamfuate, kisha kupenyeza pasi. Fontaine alikuwa mshambuliaji wa kati, mwepesi wa kuchomoka nyuma ya mabeki, mwenye mashuti makali ya miguu yote miwili, wala hakupenda kukaa na mpira pasipo sababu. Msimu wa 1957/58 alifunga magoli 34 ya ligi, ingawa katikati ya msimu huo alifanyiwa upasuaji wa gegedu la goti na kulazimika kupumzika. Yaelekea mapumziko hayo yalimfaa, kwani aliwasili Sweden akiwa na nguvu mpya wakati wenzake wengi walikuwa wamechoshwa na ligi ndefu.

Hata hivyo nafasi ya kuanza haikuwa imehifadhiwa kwa jina lake. Aliipata kwa uhakika baada ya René Bliard, mshambuliaji mwenzake wa Reims, kuumia kabla ya mashindano. Kisha njumu zake zikaharibika mazoezini, naye akaazima za Stéphane Bruey, mchezaji wa akiba mwenye mguu wa kipimo sawa na wake. Kwa njumu hizo za kuazima alifunga 3 dhidi ya Paraguay, 2 dhidi ya Yugoslavia, 1 dhidi ya Uskoti na 2 dhidi ya Ireland ya Kaskazini katika robo fainali.

Siri ya mavuno hayo ilikuwa maelewano. Kocha Albert Batteux alifundisha Reims na timu ya taifa kwa wakati mmoja, hivyo sehemu kubwa ya kikosi ilikuwa imeuzoea mchezo wake wa pasi fupi za haraka, na Kopa, aliyetoka Madrid kujiunga na timu, alilala chumba kimoja na Fontaine muda wote wa mashindano. Walielewana uwanjani kiasi kwamba Kopa aliposhuka na mpira, Fontaine alikwisha kuanza kukimbia kuelekea uwazi ulioachwa na mabeki. Anayeyatazama magoli 13 kama kazi ya mtu mmoja anakosa nusu ya maana yake: timu nzima ilifunga magoli 23, na nyingi kati ya nafasi alizomalizia Fontaine zilianzia miguuni mwa Kopa.

Nusu fainali ilichezwa Solna tarehe 24 Juni dhidi ya Brazil ya Didi, Vavá na kijana wa miaka 17 aitwaye Pelé. Vavá alifunga dakika ya pili, Fontaine akasawazisha dakika ya tisa, na mchezo ukawa wa nguvu sawa hadi nahodha na beki wa kati wa Ufaransa, Robert Jonquet, alipovunjika mguu kabla ya mapumziko. Kanuni za wakati huo hazikuruhusu kubadilisha mchezaji aliyeumia, hivyo Ufaransa ikabaki na watu kumi na mmoja wa jina tu, Jonquet akichechemea pembeni ya uwanja, huku Pelé akifunga matatu na Brazil ikishinda 5-2. Siku nne baadaye, katika mechi ya kuwania nafasi ya tatu, Ufaransa iliichapa Ujerumani Magharibi 6-3 na Fontaine akafunga manne. Penalti iliyopatikana siku hiyo aliipiga Kopa.

Kopa aliporejea Reims mwaka 1959, mashabiki walitarajia kuona ushirikiano wa Sweden kila wiki. Haukudumu. Machi 1960 Fontaine alivunjika muundi katika mechi dhidi ya Sochaux, akapona, akarudi, na mwezi Januari 1961 mguu ukavunjika tena. Mwaka 1962 alitundika daluga akiwa na miaka 28, akiwa ameifungia timu ya taifa magoli 30 katika mechi 21. Katika ukocha alidumu mechi mbili tu na timu ya Ufaransa mwaka 1967, lakini aliipandisha Paris Saint-Germain daraja la kwanza mwaka 1974 na kuiongoza Moroko, nchi aliyozaliwa, kushika nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980 nchini Nigeria. Alifariki Toulouse tarehe 1 Machi 2023, akiwa na miaka 89.

Kazi yake nyingine, ambayo haistahili kuachwa nyuma ya magoli, ilianza wakati mguu wake ukiwa bado mgonjwa. Mchezaji wa kulipwa nchini Ufaransa alifungwa na mkataba uliomkabidhi kwa klabu yake hadi afikishe miaka 35: klabu iliweza kumuuza bila kumuuliza, naye hakuweza kuondoka bila idhini yake. Novemba 1961 Eugène Njo Léa, mshambuliaji kutoka Kameruni aliyetwaa ubingwa na Saint-Étienne mwaka 1957 huku akisomea sheria, alianzisha chama cha wanasoka wa kulipwa kiitwacho UNFP akishirikiana na Fontaine na mwanasheria Jacques Bertrand. Fontaine akawa rais wake wa kwanza, na uamuzi huo ulihitaji ujasiri, kwa kuwa mfungaji maarufu kuliko wote nchini alikuwa anawakabili hadharani waajiri wa wenzake. Kopa naye aliunga mkono, na mwaka 1963 alisema gazetini kwamba wachezaji ni watumwa, kauli iliyowakera sana viongozi wa soka. Mapambano yalichukua miaka minane. Mwaka 1969 mkataba wa muda maalumu, wenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, ulikubaliwa, na tangu hapo mchezaji nchini Ufaransa akapata haki ya kuchagua aende wapi mkataba wake unapokwisha. Rekodi ya magoli 13 inaweza kuvunjwa na mshambuliaji yeyote mwenye kipaji na bahati. Haki hiyo ya mchezaji ndiyo sehemu kubwa zaidi ya urithi wa Just Fontaine.