Mama Mnene Akienda Kliniki

Akina mama wa vikundi vya Mkomani, leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulichekea tu: unene wakati wa mimba. Hapa kwetu Pwani mwanamke akinenepa baada ya kuolewa, watu husema anatunzwa. Akishika mimba huambiwa ale cha watu wawili. Haya, siku ya kliniki apanda mizani, sista atikisa kichwa, pengine amtupie neno mbele ya foleni nzima. Kilo zaandikwa kitabuni, na mama arudi nyumbani hajaelezwa kitu. Mwezi ujao aona haya kwenda, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Wala si kwetu tu. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walikusanya masimulizi ya wajawazito wanene, na wengi walisema waliona wanahudumiwa kama tatizo, si kama mtu. Nasi si wachache. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2014 ulikuta kiasi cha mwanamke 1 katika kila 3 wa umri wa kuzaa ana uzito uliozidi. Mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 4 katika kila 10.

Kipimo chenyewe ni hesabu tu: kilo zagawanywa kwa urefu wa mita, mara mbili. Mama wa mita 1.6 aliyekuwa na kilo 77 kabla ya mimba amefika 30, na kuanzia hapo ndipo madaktari huita unene wa kupindukia. Mama huyo aweza kuzaa salama, na wengi huzaa salama. Lakini kwake ni rahisi zaidi kupata sukari ya mimba, presha inayoweza kuleta kifafa cha mimba, mtoto mkubwa, operesheni, damu kuganda miguuni au kutoka nyingi baada ya kuzaa. Sukari na presha hazionekani kwa macho. Ndiyo maana yeye hasa asikose kliniki, apimwe damu, mkojo na presha.

Hapo kwenye presha kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Ule ukanda unaofungwa mkononi una saizi. Mkono mnene ukifungwa ukanda mdogo, mashine hutoa presha ya juu kuliko ilivyo, na mama aweza kutishwa au kupewa dawa bure. Basi uliza bila kuogopa: “Sista, kuna ukanda mkubwa?” Si utovu wa adabu. Ukiona kichwa chauma sana, macho yaona ukungu, uso wavimba au tumbo la juu lauma, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.

Na chakula je? Usijinyime, mimba si wakati wa kukonda. Mama mnene hushauriwa aongeze kilo 5 mpaka 9 hivi kwa mimba nzima, kwa hivyo hilo la kula cha wawili tuliache. Hatusemi mahamri yaharamishwe (nani angetusikiza?), ila mahamri mawili si matano, chai sukari kidogo, maji badala ya soda. Mchicha, kunde, samaki na maharagwe vyapatikana pale soko la Kongowea. Kutembea kwenda sokoni nako ni dawa.

Mahali pa kuzalia pachaguliwe mapema. Mama aliyezidi sana, au mwenye presha au sukari, asipange kuzalia nyumbani wala zahanati isiyo na chumba cha operesheni. Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani, ng'ambo ya daraja la Nyali, na usiku nauli si mchezo. Kikundi kiweke kando pesa za gari kutoka mchango wa zamu, na mtu wa kumsindikiza ajulikane. Pia ajiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Uchungu ukishika si wakati wa kutafuta kitambulisho.

Aliyekuwa na sukari ya mimba apimwe tena kati ya wiki 6 na 12 baada ya kuzaa, hata akijiona mzima. Wengi huenda siku ya chanjo ya mtoto wakasahau nafsi zao. Siku hiyo hiyo aulize na kipimo chake.