Mlezi wa yatima asiachiwe mzigo peke yake

MTOTO anapofiwa na wazazi nchini Kenya, mara nyingi hapelekwi katika makao ya mayatima. Huchukuliwa na nyanya, shangazi au mjomba siku chache baada ya mazishi, bila karatasi yoyote kutiwa sahihi.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, inayatambua malezi hayo ya jamaa. Inataja pia kafala ya Waislamu, pamoja na malezi ya muda katika familia isiyo ya ukoo wa mtoto. Malezi ya muda si sawa na kuasili. Aliyeasili huwa mzazi wa mtoto kisheria daima, ilhali mlezi wa muda humtunza akijua kwamba huenda siku moja akarudishwa kwao. Si ajabu wengi kuiogopa kazi hiyo.

Mwaka uo huo serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwaondoa watoto makaoni na kuwarejesha katika familia. Nia ni njema, ila familia zenyewe zina nini?

Ruzuku kwa walezi wa mayatima ilianza kwa majaribio mwaka 2004, na sasa imo katika mpango wa Inua Jamii. Ni Sh2,000 kwa mwezi, nazo hutolewa kwa kaya, si kwa mtoto. Nyanya mwenye wajukuu watano hupata sawa na mwenye mmoja. Malipo yakichelewa, deni la unga dukani halingoji.

Hapo ndipo jirani anapohitajika, wala si kwa nguo kuukuu za Krismasi tu. Anayebaki na watoto ili nyanya aende kliniki amesaidia kuliko mgeni aletaye zawadi na kupiga picha. Kisha kuna suala la cheti cha kuzaliwa, ambacho mwanafunzi hutakiwa kuwa nacho anaposajiliwa kwa mitihani ya kitaifa. Ajuza asiyejua kusoma aweza kuzungushwa ofisini miezi kadhaa. Kijana mwenye kisomo akimsindikiza kwa chifu na kwa msajili, na kumsaidia kutafuta vyeti vya vifo vya wazazi, kazi huwa nyepesi.

Na ikiwa mtoto anateswa na mlezi huyo huyo, nambari ya simu ya 116 hupigwa bila malipo, usiku na mchana.