VYAKULA VYA KWETU TUSIVYOVIPATA TULIKO

Mtu ahamapo kwao aweza kuchukua nguo zake, kitanda chake na vyungu vyake. Lakini hawezi kuchukua shamba la baba yake, wala mvua ya nchi yake, wala ziwa aliloogelea utotoni. Kwa sababu hiyo watu wengi waliohamia mijini hushiba kila siku na huku wana njaa moja isiyokwisha, yaani hamu ya chakula cha kwao. Wengine huwacheka wakisema, "Chakula ni chakula, kula ushibe." Sisi twaona kwamba jambo hili lastahili kuelezwa vizuri, kwani ndani yake mna habari za mvua na udongo, za njia na vyombo vya safari, za samaki wa ziwa letu, na za maarifa ya wazee ambayo yaweza kupotea.

Natutwae mfano wa Igoma, upande wa mashariki wa mji wa Mwanza, katika njia iendayo Musoma. Wakaao hapo ni watu wa makabila mengi: Wasukuma wenye nchi, Wahaya waliovuka ziwa, Wakerewe na Wakara wa visiwani, Wajita na Wakurya wa Mara, Waha wa Kigoma, na hata Wachaga na watu wa pwani. Kila mmoja ana chakula anachokitafuta sokoni. Muha atafuta migebuka ya Ziwa Tanganyika. Mchaga atafuta ndizi za kupikia mtori. Mtu wa pwani atafuta nazi mbichi na samaki wa maji ya chumvi. Mara nyingine hukipata kwa bei kubwa. Mara nyingine hupata kinachofanana nacho tu. Na mara nyingine hakipati kabisa.

Sababu za kukosekana ni tatu. Ya kwanza, mmea haukubali ardhi ya mahali alipohamia. Ya pili, chakula chenyewe hakivumilii safari. Ya tatu, nayo ndiyo ya kuhuzunisha kuliko zote, chakula kimetoweka hata huko kwao kilikotoka.

Kwa habari ya sababu ya kwanza, tutazame ndizi za Wahaya, ambazo wao huziita ebitoke. Mhaya asiyekula ndizi husema hajala, hata kama amekula ugali sahani mbili. Kwao huzimenya mbichi, huzipika pamoja na maharage au samaki, na kuzifunika kwa majani ya mgomba ili mvuke usitoke. Sasa mtu aweza kuuliza: Bukoba na Mwanza ni miji ya ziwa moja, tena kimo chake juu ya bahari hakitofautiani sana, mbona migomba yastawi kule na hapa yadhoofika? Jibu ni mvua. Pepo zivumazo kutoka kusini na mashariki hupita juu ya maji ya ziwa, zikabeba unyevu, kisha zikaumwaga ukingo wa magharibi. Kwa hiyo Bukoba hupata mvua kama milimita 2000 kwa mwaka, na Mwanza hupata kama nusu ya hiyo. Tena Mwanza kuna kiangazi kikali tangu Juni hata Septemba, na mgomba, ambao shina lake limejaa maji, hauwezi kuvumilia kiu miezi mingi.

Sababu nyingine ni udongo. Sehemu nyingi za Usukuma zina mchanga uliotokana na mawe makubwa tunayoyaona kila mahali, nao haushiki maji. Lakini hata kule Buhaya udongo haukuwa mzuri kwa bahati tu. Kibanja cha Mhaya kilitengenezwa na wazee kwa miaka mingi, kwa samadi ya ng'ombe na kwa nyasi zilizotandazwa chini ya migomba. Basi ahamaye huacha nyuma kazi ya babu zake, na kazi hiyo haifungwi kwenye mzigo.

Sababu ya pili ni safari. Mkungu wa ndizi uliokatwa hukaa mbichi siku chache tu, hasa ukibanwa garini na kupigwa na jua. Zamani ndizi nyingi zilipita ziwani kutoka Bukoba na Kemondo hata Mwanza. Igoma yenyewe ina ukumbusho mzito wa njia hiyo. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, iliyokuwa ikija Mwanza kutoka Bukoba kwa njia ya Kemondo, ilipinduka na kuzama karibu na mwisho wa safari yake. Ilikuwa imechukua watu kupita kiasi chake, na ndani yake ilikuwamo pia mikungu ya ndizi za sokoni. Mamia ya watu walikufa, na baadhi yao walizikwa Igoma, ambako makaburi yao yapo hata leo. Wapitao hapo wajue kwamba miongoni mwa waliolala pale walikuwamo watu waliokuwa wakiwapelekea ndugu zao chakula cha nyumbani.

Wanaoleta ndizi kwa magari nao walikuwa na taabu yao, maana iliwapasa kungoja kivuko cha Kigongo na Busisi ili kuvuka Ghuba ya Mwanza, na foleni ikiwa ndefu ndizi huiva njiani. Mwezi wa Juni 2025 Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa mahali hapo, na sasa gari huvuka kwa dakika chache. Hata hivyo wazee huonja na kusema, "Hizi si zile." Wala hawasemi uongo. Katika Buhaya kuna aina nyingi sana za migomba, kila moja na jina lake na kazi yake: hii ya kupika, hii ya kuchoma, hii ya kukamua pombe iitwayo rubisi. Mchuuzi haleti zote. Huleta chache zenye mikungu mikubwa na zinazovumilia safari, tena huzikata mapema. Basi jina la ndizi limefika Igoma, lakini ladha nyingi zimebaki ng'ambo.

Hali kadhalika senene. Hao ni wadudu wa jamii ya panzi, warukao kwa makundi wakati wa mvua, hasa Novemba na Desemba. Waganda, jirani zetu, wameuita mwezi wa Novemba kwa jina lao. Zamani watu walitoka alfajiri, wakati mbawa za senene zingali na umande, wakawaokota majanini. Siku hizi wengi huwatega usiku kwa taa kali na mabati, ili wakigonga bati wateleze na kuangukia ndani ya pipa. Huondolewa mbawa na miguu, kisha hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Senene mbichi huharibika upesi. Kwa hiyo afikaye mbali ni yule aliyekaushwa. Naye ni mtamu, lakini harufu ya kikaango cha kwanza cha msimu, ambayo kila mtoto wa Bukoba aijua, haisafiri.

Sasa tuje kwenye sababu ya tatu. Mzee aliyezaliwa ukingoni mwa ziwa hili, wala hakuhama hata siku moja, aweza naye kutamani chakula asichokipata. Mwulizeni habari za furu. Hao walikuwa samaki wadogo wenye rangi nyingi, na jamii zao katika Ziwa Viktoria zilizidi 500. Watoto waliwavua kwa ndoana, na mama zao waliwakausha juani bila gharama. Mwulizeni tena habari za ningu, ambaye wakati wa mvua alipanda mito kwa makundi ili kutaga mayai, watu wakamngoja midomoni mwa mito kwa nyavu na mitego. Kwa kuwa alivuliwa kabla ya kutaga, alipungua mapema kuliko wengine.

Furu walipungua kwa namna nyingine. Tangu miaka ya 1950 sangara, samaki mkubwa awezaye kupita kilo 100, alitiwa ziwani upande wa Uganda. Kwa miaka mingi hakuonekana sana. Kisha katika miaka ya 1980 alizidi mno, hata katika Ghuba ya Mwanza, akawala furu kwa wingi. Wataalamu wakadiria kwamba jamii kama 200 za furu zilitoweka. Lakini tusimlaumu sangara peke yake. Udongo uliochukuliwa na mvua kutoka mashamba yasiyo na miti, pamoja na uchafu wa miji, ulitia maji giza. Nao furu humtambua mwenzi wao kwa rangi; maji yakiwa machafu hawaonani vizuri, jamii zikachanganyika na nyingine zikapotea.

Hapana shaka sangara alileta fedha. Viwanda vilijengwa Mwanza, minofu ikapelekwa Ulaya, na watu wengi wakapata kazi. Ila mabadiliko hayo yalifika hata jikoni. Furu alikaushwa kwa jua tu; sangara ana mafuta mengi, hakauki hivyo, bali hutaka moshi na kuni, na kuni hutaka miti. Tena minofu ilipokwenda ng'ambo, maskini wengi walibakiwa na vichwa na mifupa, yaani mapanki. Hata sato tumlaye kwa wingi leo si yule wa asili. Aliletwa kutoka maji mengine katika karne iliyopita. Ngege wa asili, aliyepewa jina lake la kitaalamu mwaka 1928, sasa ni adimu ziwani, na masalio yake yamo katika maziwa madogo na mabwawa. Habari njema ni kwamba sangara walipopungua kwa kuvuliwa sana, baadhi ya furu walianza kuonekana tena.

Mtu atauliza, kwa nini hamu hii ina nguvu kiasi hiki? Wataalamu wa mwili wameona kwamba fahamu za puani hufika karibu sana na sehemu za ubongo zishikazo kumbukumbu, furaha na huzuni. Ndiyo maana harufu ya chungu yaweza kumrudisha mtu utotoni kwa nukta moja kuliko picha ya ukutani. Kwa hiyo mgonjwa au mzee akatakaye chakula na kuomba cha kwao, msidhani ana ukaidi. Mara nyingi akipewa kidogo tu, hula.

Je, tufanye nini? Dawa ya kwanza twaweza kujifunza kwa wenyeji wetu Wasukuma, maana wao walijua tangu zamani kwamba akiba haiozi. Viazi vitamu haviwezi kukaa mwaka mzima. Basi wakati wa kiangazi huvimenya, huvikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya mwamba safi au mkeka. Vikianikwa vibichi huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza huitwa matobolwa. Chakula hiki hukaa miezi mingi, ni chepesi kubeba, na hupikwa kwa karanga zilizotwangwa au huliwa kwa maziwa. Msukuma akaaye Dar es Salaam akitumiwa mfuko mmoja, huletewa shamba la mama yake. Jambo la kuangalia ni ukavu: kipande kikipindwa na kisivunjike, bado kina maji, rudisheni juani. Chenye ukungu msile, kwani sumukuvu haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika.

Dawa ya pili ni kupanda kinachowezekana. Hata katika kiwanja kidogo mgomba mmoja au miwili yaweza kuishi. Chimbeni shimo la urefu wa mkono kwenda chini, litieni samadi iliyooza, tandazeni nyasi kuzunguka shina, na maji ya kuoshea vyombo myamwage hapo. Ila angalieni sana miche. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006, nao husafiri kwa miche na kwa visu. Msichukue mche mahali penye ugonjwa, na kisu kilichokata mgomba mgonjwa kipitisheni motoni kabla ya kukata mwingine. Hamu ya nyumbani isiwe sababu ya kueneza tauni ya mashamba.

Dawa ya tatu ni kulitunza ziwa. Nyavu zenye macho madogo, uvuvi wa mahali pa mazalio, na taka zitupwazo mitoni ndizo zitakazowafanya wajukuu wetu wamtamani dagaa kama sisi tumtamanivyo ningu. Mji wa Mwanza wajulikana mbali kwa dagaa. Tusingoje hata tumkose ndipo tujue thamani yake.

Dawa ya nne haina gharama. Chakula hakipotei kwa kukosa mmea au samaki tu; hupotea pia kwa kukosa ajuaye kukipika. Watoto wengi waliozaliwa Igoma hawajaona jinsi bibi zao wanavyofunika chungu kwa majani, wala hawajui kipande cha kiazi kinakatwa unene gani. Bibi akifa na hakuulizwa, hata kama ndizi zingefika kila siku darajani, chakula chake hakitapikwa tena. Basi ninyi wanafunzi, mnaojua kuandika, chukueni daftari. Waulizeni wazee wenu jina la chakula kwa lugha ya kwao, huandaliwa mwezi gani, hupikwa kwa nini na kwa muda gani, na nani hukila. Zamani, mathalani, wanawake wa Kihaya waliwaokota senene lakini mwiko uliwakataza kuwala. Mambo kama hayo nayo yaandikwe. Kisha mpike pamoja nao mara moja, mkono kwa mkono, kwa maana kipimo cha chumvi cha bibi kimo kiganjani mwake, wala hakijaandikwa katika kitabu chochote.