Kuteleza kwa Skii si Mchezo wa Pupa

Wengi wetu theluji tumeiona kwa mbali tu, kileleni mwa Mlima Kenya. Kumbe kuna watu wanaopanda milima ya theluji makusudi ili wateleze hadi chini! Mchezo huo unaitwa skii.

Mahali mashuhuri ni Whistler Blackcomb, nchini Kanada. Ni milima miwili, na hapo ndipo palifanyika mashindano ya kuteremka kwa skii ya Olimpiki ya mwaka 2010.

Mtelezaji hufunga miguuni vibao viwili virefu na vyembamba. Njia zina alama: duara la kijani ni la wanaoanza, mraba wa buluu ni wa waliozoea, na almasi nyeusi ni ya mabingwa.

Hapo ndipo wengi huponzwa. Mtu huona haya kubaki kwenye kijani huku wenzake wakienda kwenye nyeusi. Akiuona ule mteremko, mwili unarudi nyuma kwa woga. Uzito ukiwa nyuma, vibao havigeuki vizuri, mbio zinazidi, na puu! Yuko chini. Walimu wa skii hufundisha kinyume: kunja magoti, egemea mbele, hata kama moyo unadunda.

Tena, kamba iliyofunga njia haivukwi. Theluji ikiporomoka humfukia mtu mzimamzima.

Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na aanzie kwenye kijani!