Enzi hizo bwana! Gari la kwenda kazini ndilo la mashindano

MSOMAJI wangu, simama pale njia panda ya Dumila dakika kumi tu, utaona mbio za magari bila kiingilio. Basi la kutoka Dodoma linakuja, la pili liko kwenye mkia wake, bodaboda naye anachomoka kutoka barabara ya Kilosa kama hana mama. Kina dada wanaouza nyanya na vitunguu wanaruka pembeni na beseni zao. Ndani ya basi abiria wanashangilia: "Dereva, mtoe huyo!" Utafikiri mbele kuna kombe. Mbele kuna trafiki na tochi yake, basi.

Sasa wiki hii nataka tuongelee mbio zenyewe, zile za enzi ambazo hata baba zetu wengi walikuwa hawajazaliwa. Maana vijana wa siku hizi tukisikia Safari Rally tunaona helikopta, matangazo ya sigara na jamaa wa Ulaya waliovaa maovaroli ya kung'aa. Haikuanza hivyo hata kidogo!

Ilianza mwaka 1953, kwa maneno ya watu wawili. Jamaa mmoja wa Kenya, Eric Cecil, alikuwa akimshawishi ndugu yake, Neil Vincent, aingie kwenye mbio za kuzunguka uwanja mmoja kule Langa Langa. Vincent akagoma. Kuzunguka kama punda wa kinu yeye hataki. Akasema kama ni mbio, basi mtu atoke mlangoni kwake, akatize Afrika huko, kisha arudi nyumbani. Maneno yakawa kazi kweli. Tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953, wakati Malkia Elizabeth wa Pili anakaribia kutawazwa, magari yakaingia barabarani kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo maana mara ya kwanza yaliitwa Coronation Safari. Jina la East African Safari lilikuja mwaka 1960.

Utamu wake sasa. Magari yalikuwa yale yale ya dukani, na madaraja ya mashindano yalipangwa kwa bei! Wa gari la bei poa alishindana na mwenzake wa bei poa, tajiri naye akapambana na tajiri. Mwaka huo wa kwanza hakuna hata aliyetangazwa mshindi wa jumla. Mwaka 1954 ndipo Vic Preston na D.P. Marwaha walipoibuka kidedea na Volkswagen, ile yenye mgongo kama kobe. Usiicheke, mshikaji. Injini ya kobe yule iko nyuma, na matairi yanayosukuma gari yako nyuma hapo hapo. Uzito ukikaa juu ya tairi, gari linauma tope. Wenye magari makubwa walibaki wanazungusha matairi na kurushiana matope, kobe huyoo, anapita.

Na tope lilikuwepo la kutosha, kwa sababu baadaye mashindano yalihamishiwa sikukuu ya Pasaka, masika imepamba moto. Sisi wa Dumila hatuhitaji kuhadithiwa masika ya huku. Januari 2014, tena kabla hata masika haijafika, mafuriko yalikata barabara hapa hapa darajani, magari ya Dar na Dodoma yakakwama kila upande. Hilo ni daraja la zege na barabara ya lami. Je, mwaka 1960, njia ya udongo?

Basi pata picha. Gari limezama hadi kwenye ekseli. Dereva anakanyaga mafuta, msoma ramani amesimama nyuma juu ya bampa, kashika vishikio kwenye buti, anarukaruka ili kuliongezea uzito. Wanakijiji wanatoka mashambani wanasukuma, "harambeee!", mwisho wote wanafanana rangi. Kila kituo kuna mtu wa kugonga muhuri kwenye kadi ya muda. Umechelewa? Dakika zako zinageuka alama za adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye bingwa. Kwa hiyo hukuwa unashindana na mgongo wa mwenzako barabarani, ulikuwa unashindana na saa na barabara yenyewe.

Kushinda maana yake ilikuwa kufika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika saba. Saba! Mwaka 1968 yakaondoka 93, na yakafika saba vilevile. Miaka yote miwili bingwa alikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Katikati hapo, mwaka 1965, Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo ambayo haikuwa hata mpya, ilikuwa imeshatumika na kuchoshwa na wengine. Joginder alikuwa fundi, akaifungua, akaifunga, akawapiga wenye magari ya kiwandani.

Na sisi Watanzania tusijifanye wageni. Mwaka 1966 na 1967 kombe lilichukuliwa na Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell. Gari? Peugeot 404 tena, ile ile wazee waliyopandia kama teksi. Mwaka 1972 mashindano yakaanzia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Hapo masikhara yakaisha. Viwanda vikubwa vikamwaga pesa, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 mbio zikabaki Kenya peke yake.

Sisemi enzi hizo zilikuwa pepo. Usukani ulikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi wenye uwezo, Mwafrika kazi yake ilikuwa kusukuma na kupunga mkono. Barabara nayo ilikuwa wazi: ng'ombe, baiskeli, mtoto anayetumwa chumvi, wote humo humo. Watu waliumia. Ndiyo maana mambo yamebadilishwa. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, mbio zilipigwa kwenye vipande vya njia vilivyofungwa, mtazamaji na mahali pake, gari na mahali pake.

Hebu tafakari hapo. Wenye mbio zao, wenye kofia ngumu na vyuma vya kuwakinga ndani ya gari, wameshaacha kukimbizana kwenye barabara ya watu. Waliobaki kufanya hivyo ni nani? Ni huyu wa basi lenye roho zaidi ya hamsini, na yule wa boda aliyembeba mwanafunzi. Mwendo wa kijijini ni kilomita 50 kwa saa, kibao kipo, lakini madereva wanapeana taa: "tochi ipo", wanapunguza, wakimpita trafiki wanafungulia tena. Hana kadi ya muda, hana kombe, na abiria aliyekata tiketi yake hakujiandikisha kwenye mashindano yoyote.

Na sisi vijana ndio tunaomchochea! Dereva akienda taratibu tunamwita bibi harusi. Akipita gari kwenye kona tunampigia makofi.

Ushauri wangu wa wiki hii ni mfupi. Siku dereva akianza vituko, usimwambie "mtoe huyo". Paza sauti umwambie "dereva, punguza, tunataka kufika". Wakikucheka, waulize ni magari mangapi yalifika mwaka 1963. Nowicki hakupewa kombe kwa kuwa aliwatisha kina mama wa nyanya. Alipewa kwa kuwa sabini na saba walikwama njiani, yeye akafika.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na ukipita Dumila nunua vitunguu, lakini subiri gari lisimame kwanza!