Mbona kikosi kile kile cha mauzo hung'aa mwezi huu na kufifia ujao?

KILA mwisho wa mwezi, katika ofisi za mauzo kuanzia mjini Nakuru hadi Naivasha, kikao cha aina moja hurudiwa. Meneja husoma takwimu, aliyeuza zaidi hupigiwa makofi, na aliyeuza kidogo huulizwa alikuwa wapi. Mwezi unaofuata wawili hao hubadilishana nafasi: shujaa wa jana ndiye anayeandikiwa barua ya onyo leo.

Wasimamizi wengi huieleza hali hiyo kwa neno moja: uvivu. Wavivu wapo, hilo halina ubishi. Lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa ni nadra mtu kuwa mvivu Machi, hodari Aprili, kisha mvivu tena Mei. Chanzo hasa huwa kwingine, na anayetaka kukielewa anaweza kujifunza mengi Olkaria, kwenye visima vya mvuke vilivyo katika mbuga ya Hell's Gate na viunga vyake. Huko nako kuna bidhaa inayouzwa, yaani umeme, na kuna wataalamu ambao kazi yao ya kila siku ni kuzuia mapato yasiyumbe.

Somo la kwanza ni la ardhi. Visima viwili vya majaribio vilichimbwa Olkaria katika miaka ya 1950, na havikutoa mvuke wa kutegemewa. Kazi iliporejelewa katika miaka ya 1970 kwa usaidizi wa Umoja wa Mataifa, mvuke ulipatikana, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kuzalisha umeme. Hata leo, visima viwili vilivyochimbwa na kikosi kimoja kwa mashine moja huweza kutofautiana sana. Tofauti hiyo haitokani na mikono ya wachimbaji tu, bali pia na joto na nyufa za miamba iliyo chini yao.

Ndivyo yalivyo maeneo ya mauzo. Afisa aliyepangiwa mitaa ya wafanyakazi wa mashamba ya maua yaliyo kando ya Ziwa Naivasha hukutana na watu wanaopokea mshahara kwa tarehe inayojulikana. Mwenzake aliyepelekwa kwenye vijiji vya wafugaji hukutana na watu ambao fedha zao huja wanapouza mifugo, na ambao ukame ukiingia hawana cha kutumia. Kuwapa wawili hao lengo moja la mauzo, kisha kuwalinganisha kwenye ubao mmoja, si haki wala si hesabu.

Somo la pili ni la majira. Mahitaji ya maua hupanda kuelekea Februari 14, Siku ya Wapendanao, na mashamba huajiri vibarua zaidi. Ulaya inapoingia majira ya joto, soko hulegea. Anayeuza simu za mkopo, bima au samani mjini Naivasha hupanda na kushuka pamoja na mishahara hiyo, hata kama bidii yake haijabadilika. Januari nayo huja na karo za shule, na mifuko hukauka. Umeme wa Olkaria pia haujaepuka hali hii. Mnunuzi wake mkuu ni kampuni ya Kenya Power, na usiku wa manane wananchi wakilala mahitaji hushuka. Imewahi kubidi mvuke uachiliwe hewani kwa kukosa wa kuutumia. Hapo si mtambo uliozembea, ni mteja aliyelala.

La tatu ni bahati, jambo ambalo mameneja hawapendi kulisikia. Chukua afisa anayewazuru wateja 40 kwa mwezi, na kwa kawaida mteja mmoja kati ya 10 hununua. Wastani wake ni mauzo manne. Hata hivyo, bila yeye kubadilisha lolote, si ajabu akapata mawili mwezi huu na sita mwezi ujao. Anayemkemea kwa yale mawili ataona ameongeza mauzo, na ataamini ukali wake ndio uliofanya kazi. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia kuhusu wakufunzi wa marubani nchini Israeli walioshikilia kuwa sifa humharibu mwanafunzi ilhali kukemewa humwimarisha. Ukweli ni kwamba mwanafunzi aliyefanya vibaya kupita kawaida yake alielekea kurudi kwenye kawaida hiyo hata bila kukemewa.

Lakini somo kuu la Olkaria ni la nne. Kisima cha mvuke hakidumu na nguvu ile ile, kwani shinikizo lake hupungua kadiri miaka inavyopita. Kwa hivyo wahandisi huchimba visima vya kufidia wakati mitambo ingali inazunguka vizuri, na sehemu ya maji yaliyotumika hurejeshwa ardhini ili kulinda shinikizo. Kama wangengoja mvuke upungue ndipo waanze kutafuta kisima kipya, mitambo ingezunguka chini ya uwezo wake kwa miezi mingi.

Vikosi vingi vya mauzo hufanya hasa kosa hilo. Katika mwezi wa neema, afisa hushughulika na mikataba, kufikisha bidhaa na kudai malipo. Hana muda wa kutafuta wateja wapya. Ikiwa mteja huchukua miezi miwili tangu mazungumzo ya kwanza hadi kulipa, basi njaa itabisha baada ya miezi miwili. Afisa atashtuka, atakimbia huku na kule kusaka wateja, na baada ya miezi mingine miwili atavuna tena na kuacha kusaka. Wimbi hilo hujirudia, na kila mara meneja huliona upande wa matokeo tu.

Mfumo wa malipo huliongezea wimbi hilo nguvu. Kamisheni inapohesabiwa kufikia tarehe ya mwisho wa mwezi, mteja aliyekusudia kununua tarehe 5 hubembelezwa kwa punguzo la bei anunue tarehe 30. Takwimu hupendeza, lakini mwezi mpya huanza mikono mitupu.

Makosa haya yana gharama kwa watu. Vijana wengi walio katika kazi hii hawana mshahara wa maana ila kamisheni, na mwezi mmoja mbaya waweza kuwafukuzisha kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mfanyakazi kwa utendaji duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize, mfanyakazi akiwa na haki ya kuandamana na mwenzake au mwakilishi wa chama. Takwimu za mwezi mmoja pekee ni msingi dhaifu wa uamuzi mzito kama huo.

Afanyeje meneja? Apime wastani wa miezi kadhaa badala ya mmoja. Aweke malengo kulingana na eneo na majira. Zaidi ya yote, kila wiki aulize si mauzo mangapi yamekamilika, bali wateja wapya wangapi wametembelewa, na aulize kwa ukali zaidi katika mwezi ambao mambo ni mazuri. Akiba haiozi, walisema wahenga, na huwekwa wakati wa neema.