Kukadiria Gharama na Muda wa Kuunda Mashua ya Plaiwudi

Mnamo mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror la Uingereza lilianza kutangaza mashua ndogo ambayo mtu wa kawaida angeweza kuiunda nyumbani. Mashua hiyo, iliyoitwa Mirror, ilisanifiwa na Jack Holt na Barry Bucknell. Urefu wake ni mita 3.3, na mwili wake una uzito wa kilo 45.5. Mnunuzi alipewa vipande vya plaiwudi vilivyokwisha kukatwa, kwa bei ya pauni 63 na shilingi 11. Vipande vilishonwa kwa waya wa shaba, kisha maungio yakazibwa kwa utepe wa faibaglasi na resini. Njia hiyo ilikuwa imebuniwa na mwalimu wa ufundi, Ken Littledyke, kwa ajili ya kuundia kayaki. Wenyeji wa pwani watakumbuka mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi.

Mirror zaidi ya 70,000 zimeundwa. Sababu mojawapo ni kwamba mnunuzi aliijua bei ya vipande vyote kabla ya kuanza kazi. Asiyenunua vipande vilivyo tayari hana budi kufanya hesabu hiyo mwenyewe.

Hesabu ya plaiwudi

Ichukuliwe kwamba shule iliyo kando ya Ziwa Viktoria yataka kuunda mashua ya makasia yenye urefu wa mita 3.6. Kwanza hukadiriwa eneo la kila sehemu, kwa mita za mraba:

Sakafu (3.6 × 0.9): 3.24
Mbavu mbili (3.7 × 0.45 × 2): 3.33
Kibao cha tezi: 0.40
Mabao ya kukalia na masanduku ya hewa: 1.60
Jumla: 8.57

Plaiwudi moja ya kawaida ina urefu wa sentimita 244 na upana wa sentimita 122, yaani mita za mraba 2.98. Ukigawanya 8.57 kwa 2.98 utapata 2.88, na mtu mwenye haraka atanunua plaiwudi 3. Lakini vipande vya mashua vina mapindo, na mabaki ya pembeni hayatumiki yote. Ikiongezwa sehemu moja ya tano kwa ajili ya upotevu, eneo huwa 10.28, nalo lahitaji plaiwudi 3.45. Kwa kuwa duka haliuzi vipande, sharti zinunuliwe 4.

Je, ikiwa wanafunzi watataka mashua ya mita 4.5? Urefu umezidi kwa robo tu. Lakini upana na kina vikizidi kwa kiasi hicho hicho, eneo huzidishwa kwa 1.25 × 1.25, yaani 1.56, na plaiwudi zitakazohitajika ni 6. Ujazo huzidishwa kwa 1.25 mara tatu, nao hufikia 1.95. Mashua hiyo ni karibu maradufu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo si sahihi kukadiria gharama kwa kutazama urefu peke yake.

Akiba ya uongo

Bei hubadilika kutoka mji hadi mji. Basi bei ya plaiwudi moja ya baharini na iitwe B. Plaiwudi zote ni 4B. Tuseme resini, utepe, mbao za kingo, rangi na makasia hufikia 6B. Jumla ni 10B.

Hapo huja kishawishi cha kununua plaiwudi ya ndani ya nyumba kwa nusu ya bei. Akiba yake ni 2B, yaani moja ya tano ya gharama yote. Lakini gundi ya plaiwudi nyingi za aina hiyo haistahimili maji, na tabaka zake hubanduka. Mashua ikibanduka, fedha za vifaa vingine na kazi yote hupotea pamoja nayo; na ikibanduka katikati ya ziwa, maisha ya watu huwa hatarini.

Mwalimu aweza kuonyesha tofauti hiyo darasani. Kipande kidogo cha plaiwudi kichemshwe majini kwa saa kadhaa, kisha kikaushwe. Tabaka zikiachana, plaiwudi hiyo haifai kwa mashua. Zisipoachana, kingo zikaguliwe pia, kwani mianya ndani ya tabaka za kati ni kasoro nyingine.

Hesabu ya muda

Makadirio ya saa za kazi yaweza kupangwa hivi:

Kupima, kuchora na kukata: 12
Kushona: 8
Kuziba maungio: 14
Kingo na mabao ya kukalia: 20
Kupiga msasa: 20
Rangi: 12
Jumla: 86

Baada ya saa 20 za kwanza, mashua huwa imekwisha kupata umbo lake, omo na tezi vikionekana dhahiri. Watazamaji husema kazi imekaribia kwisha. Kumbe 20 katika 86 ni chini ya robo! Wengi huvunjika moyo hapo, kwa sababu saa zilizosalia hazileti mabadiliko makubwa machoni.

Wanafunzi wakifanya kazi saa 4 kwa wiki, watahitaji wiki 22, yaani takriban miezi mitano. Wala kuongeza mikono hakupunguzi muda wote kwa uwiano ule ule, kwani resini na rangi hukauka kwa wakati wake, hata mafundi wakiwa wengi.

Basi kabla ya plaiwudi ya kwanza kukatwa, shule na ijiulize maswali mawili: Je, fedha za makasia na za rangi ya mwisho zipo? Na je, muhula utatosha? Iwapo jibu la mojawapo ni hapana, ni afadhali kupunguza ukubwa wa mashua kwenye karatasi, mahali ambapo kosa hufutwa kwa kifutio.